Mwali na Kioo cha Mjomba Yunusi

Mjomba Yunusi alirudi Kinole amefunua mwamvuli, na wala hapakuwa na mvua. Hata jua lenyewe halikuwapo! Ilikuwa ile asubuhi ya ukungu, milima ya Uluguru imejifunika shuka mpaka shingoni, haitaki kuamka. Na huyu bwana anapanda njia ya migombani, mwamvuli mweusi juu, tarbushi nyekundu kichwani, mzigo mgongoni unalia ching'iri, ching'iri kila anapokanyaga.

Enzi hizo zilikuwa za Mjerumani. Reli ilikuwa imeshafika Morogoro mjini, na garimoshi likipiga honi, mbuzi wa Mwembesongo walikuwa wanakata kamba. Yunusi alikuwa mmoja wa wanaume walioilaza ile reli. Aliondoka Kinole na shuka moja na panga, akaenda kubeba vyuma vya watu, na kila alipopata chochote alikinunulia kitu cha kung'aa akakiweka. Miaka yote hiyo. Sasa amerudi navyo vyote.

Wa kwanza kumwona alikuwa Stambuli.

"Jamani, tokeni nje!" Stambuli alipiga kelele kutoka shambani. "Tokeni muone! Uyoga umeota miguu!"

Sasa huyu Stambuli alikuwa mtani. Nasema mtani, siyo rafiki tu. Ukoo wake na ukoo wa kina Yunusi walikuwa wanataniana tangu mababu, na utani una sheria zake. Mtani akikutukana, unacheka. Akikunyang'anya kitu, unamwachia. Ukikasirika, wewe ndiye unayetozwa kuku.

"Stambuli," Yunusi akasema, "bado tu hujafa?"

"Nife, wewe uzikwe na nani? Na huo uyoga?"

Wanawake waliokuwa wanatoka mtoni wakaweka mitungi chini wacheke vizuri. Mmoja akasema, "Mikogo hiyo!" Mwenzake akaitikia, "Mikogo mitupu!"

Yunusi alicheka na wao, lakini lile neno lilimwingia kama mwiba wa mchungwa. Hakubeba vyuma miaka yote hiyo ili aje aitwe mikogo. Yeye alikuwa na neno lake alilolifuata, na alikuwa analijua kwa jina.

Maana Kinole ya zamani hawakuwa wanarusha maneno ovyo. Leo sisi tukiona kitu kizuri tunasema "kali", tumemaliza. Gari kali, wimbo mkali, hata maharage makali! Wao walikuwa na neno la kitu kinachong'aa kwa sababu kimepakwa, na neno lingine la kitu kinachong'aa kwa sababu kimeoshwa. Mtu aliyejipamba kwa ajili yake alikuwa na neno lake, na aliyejipamba kwa ajili ya macho ya watu lake. Ukilikosea moja mbele za watu, unasahihishwa mpaka na mtoto.

Na mahali ambapo neno lilikuwa na uzito kuliko pote ni siku ya kumtoa mwali. Msichana alikuwa anawekwa ndani, anafundwa, anakaa huko mpaka anakuwa mtu mzima. Siku ya kutoka, mjomba wake anambeba mabegani, anampeleka uwanjani, anacheza juu ya mabega ya mjomba watu wakimtazama. Halafu manju, yule mama anayeongoza nyimbo, anampa neno moja. Moja tu. Hilo linakuwa lake. Wenzake watamwamkia kwalo, kwa mume ataingia nalo, na siku akifa wanawake watalishika lilelile na kumwimbia nalo mpaka kaburini.

Furaha, mpwa wake Yunusi, ndiye alikuwa ndani safari hii. Na Yunusi alikuwa anamtakia neno moja: Fahari.

Hakupumzika hata kidogo. Alitua mzigo, akanywa maji, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaasha, manju. Bi Mwanaasha alikuwa kikongwe mfupi, mdomo wake mkali na pua yake haishibi ugoro. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua choroko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Funga hicho kitu, unaniletea giza."

Yunusi akafunga mwamvuli. Bi Mwanaasha akautazama ulivyonywea, akautazama tena.

"Nimekuja kwa jambo la Furaha," Yunusi akasema. "Nataka apewe Fahari."

Bi Mwanaasha alikuwa ndiyo kwanza anavuta ugoro. Akapiga chafya, choroko zikaruka.

"Unataka? Neno haliagizwi, Yunusi. Kwani chumvi hiyo, useme mtu akienda Morogoro akuletee?"

"Bibi, mimi sikuja kugombana. Lakini mwaka ule dada yangu Asha, mama yake Furaha, alitoka siku moja na binti wa jumbe. Binti wa jumbe ukampa Fahari. Dada yangu ukampa Haiba. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Kwa nini mwenzake apate neno kubwa, yeye apate dogo?"

"Kubwa kwa kipimo gani? Umelipima kwa pishi?"

"Watu walipiga vigelegele kwa binti wa jumbe mpaka kuku wakapanda mapaani. Kwa dada yangu walikaa kimya."

Bi Mwanaasha akaziacha choroko.

"Sikia, mtoto wewe. Yule binti wa jumbe nilipomtazama nilijikuta nimenyoosha mgongo. Mimi! Na kiuno hiki! Uwanja mzima tuliinua videvu, kila mtu akajiona na yeye wa maana. Fahari ndivyo ilivyo, inagawika, kila aliyeiona anaondoka na kipande chake. Baba yake angekuwa mwizi wa ndizi ningempa vilevile."

"Na haiba?"

"Haiba ni ya baadaye. Huioni mpaka mwenye nayo ameshapita."

Yunusi akaona hapo amezungushwa. Neno gani hilo halionekani? Ndiyo maana alikuwa anasema ni dogo!

"Mimi nimemletea vitu," akasema. "Utaviona mwenyewe. Hajatoka mwali hapa amevaa vile."

"Angalia visinisemeshe ninalolijua. Kuna mwali mmoja, zamani, baba yake alikuwa hodari wa kwenda pwani. Akamtundikia kila alichokikuta kule. Nilimpa Mbwembwe. Aliolewa Mgeta, akazaa huko, akazeeka huko, na walipomzika walimwimbia Mbwembwe. Mimi neno likinijia silimezi."

Bi Mwanaasha akanyoosha mkono, akagusa kitambaa cha mwamvuli kwa vidole viwili.

"Hiki kinakinga jua kweli?"

"Na mvua, bibi." Akaona mwanya. "Kinaweza kuwa chako."

"Unanihonga?"

"Nakuzawadia."

"Basi nizawadie mwali akishatoka," Bi Mwanaasha akasema, akarudi kwenye choroko zake. Lakini jicho moja lilibaki kwenye mwamvuli, na Yunusi aliliona.

Alipokuwa anainuka, kikongwe akamwambia bila kumtazama, "Tulipomzika dada yako nililiimba lile neno lake. Tuliliimba mpaka tukafika. Ungekuwepo, leo usingekuwa unaniuliza."

Hilo ndilo lilikuwa donda. Asha alikufa Yunusi akiwa relini, mbele huko, upande wa Kilosa. Habari zilimfikia majani yameshaanza kuota juu ya kaburi. Msimamizi alimwambia ukiondoka usirudi, na yeye hakuondoka. Akanunua kioo.

Kesho yake alikwenda nyuma ya nyumba alimowekwa Furaha. Kumwona mwali hairuhusiwi, lakini kuongea naye ukutani nani atakukataza, we mjomba mtu. Akachuchumaa kando ya ukuta wa udongo.

"Furaha."

"Mjomba?" Sauti ikatoka ndani, ndogo, halafu ikacheka. "Ndiyo wewe unayelialia hapo nje?"

"Silii mimi!"

"Mbona nasikia kengele?"

"Za miguuni kwako hizo. Za shaba. Na vifungo vya koti la askari, nimevishona kwenye utepe, utavaa kwenye paji la uso. Hariri nyekundu ipo. Na kioo, mwanangu! Ukubwa wa sinia. Kitakaa kifuani, jua likikipiga watu watafumba macho!"

Ndani mkeka ukachakarika.

"Wakifumba macho, mjomba, wataniona vipi?"

Yunusi akaivua tarbushi. Akajikuna.

"Wewe mtoto una mdomo wa Stambuli."

"Mama alinifundisha kucheza mabega," Furaha akasema. "Yale ya jani la mgomba. Alinifundisha humuhumu, jioni, na alikuwa anaumwa tayari. Siku nyingine alikuwa anaonyesha bega moja tu kwa sababu la pili halinyanyuki. Sasa hicho kioo si kitanizuia?"

"Kitakupendeza."

"Mjomba, mama alipotoka alivaa nini?"

Yunusi akafungua mdomo amwambie. Akatafuta. Akakumbuka vumbi la uwanja na harufu ya moshi wa kuni mbichi, na mpiga ngoma Mwinjuma, wakati huo bado ana nywele, jasho linamtoka puani. Lakini nguo? Shanga? Aligeuza kichwa chake chote kama mtu anayekung'uta kikapu, hakikudondoka kitu.

"Sikumbuki," akasema.

"Kumbe," Furaha akajibu.

Mchana huo Yunusi alikaa mtoni kusugua vifungo kwa mchanga na majivu. Na pale, bila kuitwa, Asha akamjia kichwani. Akamwona anashuka njia ya kwenda Morogoro sokoni, mkungu wa ndizi kichwani, mkono mmoja umeushika na mwingine unaning'inia, na yeye Yunusi nyuma yake na kikapu cha machungwa. Kila nyumba waliyoipita Asha alikuwa anaamkia. "Shikamooni!" hivi, anapita. Na Yunusi, aliyekuwa nyuma, alikuwa anawakuta wale wazee bado wamesimama, bado wanajibu, "Marahaba, marahaba mama, mwende salama," na Asha mwenyewe ameshafika kona ya pili. Yeye na machungwa yake hawakumwona kabisa! Alikuwa anakasirika zamani. Siku hiyo mtoni alicheka peke yake, halafu kicheko kikageuka njiani. Ah, njia ile! Angeweza kutoa reli yote mpaka Kigoma, apewe asubuhi moja ya kutembea nyuma ya dada yake na kikapu.

Akainama akaendelea kusugua. Alikuwa na deni kwa marehemu, na alijua njia moja tu ya kulilipa: mtoto apate neno kubwa ambalo mama hakulipata.

Mwezi ukaandama, siku ikafika.

Kinole yote ilikuja, na wengine kutoka vijiji vya bondeni. Ngoma ya Mwinjuma ikaanza kuita. Ndani wanawake wakamvalisha Furaha kaniki, wakamfunga shingoni uzi wa shanga nyeupe alioachiwa na mama yake, halafu wakapokea mzigo wa mjomba na kuanza kutundika. Hariri. Utepe wa vifungo. Kengele miguuni. Kioo wakakifunga kwa kamba kifuani. Mwamvuli wakampa mkononi. Mmoja wa wanawake akaguna, "Huyu mtoto au duka la Mwembesongo?" Lakini mjomba ndiye mwenye mwali, akisema avae, anavaa. Wakamfunika, wakamtoa, wakampandisha mabegani kwa Yunusi.

Sasa jambo moja ulijue. Anayembeba mwali hamwoni! Anaona miguu yake tu ikining'inia kifuani na nyuso za watu mbele. Kila mtu uwanjani anatazama, isipokuwa yeye. Yunusi alilijua hilo, hakujali. Alisema atajua kwa nyuso za watu.

Akatoka naye. Wakamfunua.

"Lo!" watu wakasema. "Lo, lo, lo!"

Jua lilikuwa limeshatoka, na kioo kikalirusha mpaka kwenye migomba ya ng'ambo. Yunusi akatanua kifua. Akaingia katikati ya uwanja anakanyaga kwa madaha, kengele zinalia, watu wanasogea karibu. Mama mmoja akaja mpaka mbele kabisa, akasimama, akatazama juu. Uso ukatulia. Yunusi akasema moyoni, hiyo, hiyo ndiyo fahari inaingia!

Yule mama akainua mkono, akakiweka sawa kilemba chake.

Akaja mwingine, akatazama, akajifuta pembe ya mdomo. Wa tatu akakunja uso, akaingiza ukucha, akatoa kipande cha mboga kwenye jino. Mwanamume mmoja akageuza shavu hivi, akageuza hivi, akalipapasa kovu lake kama ndiyo kwanza analijua.

Walikuwa wanajitazama! Kinole hakukuwa na kioo kikubwa namna ile, wengine walikuwa hawajawahi kujiona zaidi ya kwenye maji ya mtungi. Nani atamtazama mwali wakati amejiona mwenyewe?

"Pangeni mstari, jamani!" Stambuli akapayuka. "Kinyozi amefika! Ukijiona, ondoka, mwachie na mwenzio ajihurumie!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Furaha, juu kule, akajaribu mabega. Kioo kikagonga tarbushi ya Yunusi, ko, ko. Watu wakazidi kucheka. Akajaribu tena, mwamvuli ukayumba, ukamchoma Mwinjuma bega, ngoma ikakosea pigo.

Na hapo Bi Mwanaasha akainuka kwenye mkeka.

"Mwali yuko wapi?" akauliza. Hakuwa anatania. "Nasikia kengele. Naona uyoga. Najiona na mimi mwenyewe na uzee wangu. Mwali simwoni."

Akafungua kibweta cha ugoro, akavuta taratibu. Wenye umri walijua maana yake. Manju akivuta ugoro amesimama, neno limeshamjia, anasafisha njia litoke. Mwinjuma akapunguza ngoma.

Yunusi akalihisi lile neno linavyokuja. Akamwona yule mama wa Mgeta ambaye hakuwahi kumfahamu, anashushwa kaburini, watu wanamwimbia Mbwembwe. Akayahisi magoti ya Furaha yanambana shingo. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeyaleta haya, kwa mgongo wake, kutoka Kilosa.

Afanyeje? Mjomba aliyempamba mwali hawezi kumpambua mbele za watu, ni kama kumkana. Wanawake hawawezi kugusa alichokiweka mjomba. Kumshusha kabla ya neno ni mkosi. Basi nani aliyebaki?

Akazunguka kwa haraka mpaka alipokuwa Stambuli.

"Mtani," akanong'ona, "niibie."

"Nini?"

"Ninyang'anye! Vyote. Nakuomba, upesi."

Stambuli alimtazama. Kwa kitambo kidogo tu ule uso wa utani ulitoka, akabaki mtu wa kawaida aliyeelewa. Halafu ukarudi, mkubwa kuliko mwanzo.

"Haa!" akaruka. "Mali ya wajinga, chakula cha watani! Nani amekuambia kioo huvaliwa na watu? Ndani ya nyumba yangu kuna ukuta hauna nguo!" Akakata kamba, akakitia kioo kwapani. "Kengele! Mbuzi wangu anapotea kila siku, naye anaringa hapa! Leta mguu. Leta na wa pili. Hivi vifungo, askari wenu huko mjini anatembea kifua wazi? Nitamrudishia mwenyewe, mimi na boma ni marafiki. Hariri hii, mke wangu anajifungua karibuni. Na wewe, kilichovaa kofia hiyo ni kichwa au nazi?" Akamvua Yunusi tarbushi, akaivaa juu ya kofia yake.

Watu walikuwa chini kwa kicheko. Na Yunusi akacheka. Sheria ni sheria. Kila kitu kilipokuwa kinaondoka alikuwa anakijua, hiki ni mvua ya masika pale Ngerengere, hiki ni ule mwezi wa homa, kioo hiki ni habari za Asha. Akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na sikuambii alikuwa anajifanya. Mwishoni mzigo mabegani ulikuwa mwepesi, akacheka kweli.

Stambuli akamaliza na mwamvuli. Juu hakukubaki kitu, isipokuwa Furaha, kaniki na uzi wa shanga za mama yake.

Mwinjuma akasubiri. Akapiga moja, polepole. Akapiga nyingine.

Yunusi hakuona. Alihisi tu. Alihisi ule uzito unahama kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, unarudi, taratibu, halafu mtetemo mdogo ukaingia, kama upepo unavyoanzia kwenye ncha ya jani la mgomba kabla jani lenyewe halijajua. Bega moja kwanza. Moja peke yake, kwa muda mrefu. La pili likafuata.

Kicheko kikafa. Maongezi yakafa. Wale waliokuwa wanauza ndizi pembeni wakanyamaza. Watoto wakanyamaza, na hakuna aliyewaambia!

"Kuna nini?" Yunusi akanong'ona. Hakuna aliyemjibu. "Anafanyaje? Stambuli! Anafanyaje huko juu?"

Stambuli, ambaye alizaliwa akiongea, alikuwa ameduwaa, tarbushi upande, kioo kwapani, mdomo wazi.

Ngoma ikakata. Ikabaki desturi ya mwisho. Mjomba anamshusha mwali kwenye mkeka, na mwali anarudi nyumbani kwa miguu yake, anapita katikati ya watu. Yunusi akapiga goti, akahisi miguu inaondoka mabegani mwake. Ilimchukua muda kuinuka, magoti yake hayakuwa ya ujana tena, vyuma viliyamaliza. Alipogeuka, amwone angalau mara moja, aliambulia pindo la kaniki likiingia mlangoni. Basi.

Akawageukia watu.

Walikuwa wote wanaitazama njia. Njia tupu! Vumbi lenyewe limeshatulia, mlango umeshafungwa, na wao bado wanatazama pale alipopita. Mama wa kilemba ameshika shavu. Kikongwe mmoja alikuwa ameinua mkono kuitikia salamu ambayo mwenyewe ameshaondoka nayo, na mkono bado uko hewani.

Yunusi alizijua zile nyuso. Alizikuta kila asubuhi, nyumba baada ya nyumba, njia nzima mpaka Morogoro, yeye akiwa nyuma na kikapu cha machungwa.

"Haya, Yunusi," Bi Mwanaasha akasema, na aliongea kwa sauti ya chini, kama watu walioko msibani. "Wewe uliagiza neno. Bado unalitaka?"

Yunusi akatikisa kichwa.

"Unataka lipi?"

"La mama yake."

"Kwa kuomba sikupi," kikongwe akasema. "Lakini limeshakuja lenyewe, tangu bega la kwanza."

Akafunga macho, akalitoa. "Haiba," akaimba, na wanawake wakalipokea polepole, bila vigelegele, wakaanza kwenda nalo kuelekea mlangoni. Ulikuwa wimbo uleule waliomsindikizia Asha kaburini. Mwaka ule wa Asha, Yunusi alisikia neno tu, akachukia; wimbo wenyewe ndiyo kwanza alikuwa anausikia. Akausikiliza wote, kuanzia mwanzo, nyuma ya watu, mikono imening'inia, na uso ukamshinda.

Mwanamume kulia uwanjani, siku ya mwali, mbele ya ukoo na wageni! Lakini kabla hata mmoja hajageuka, kitu cheusi kikafunguka juu ya kichwa chake, pwaa, kikashushwa chini mpaka kikamfunika mabega.

"Mvua hiyo, jamani!" Stambuli akapiga kelele, jua likiwa linawaka mpaka milima ya Mgeta inaonekana. Alikuwa ameushika mwamvuli kwa mikono miwili. "Mvua kubwa hii! Hamuioni? Mwacheni mtani wangu asilowane!"

Na Bi Mwanaasha, bila kukatisha wimbo wake, akamnyooshea Stambuli kidole, kisha akaonyesha mwamvuli, kisha akajionyesha mwenyewe kifuani, asije akasahau ni nani mwenye mali.